Dune: maneno ya kwetu yaliyomo kitabuni, na yale yaliyovuka kwenda kwenye sinema

#1 MsomajiTanga

Wakuu, amani kwenu.

Jumamosi iliyopita nilimwekea mama filamu ya pili ya Dune, hapa nyumbani Tanga. Mama si mtu wa filamu za sayari na vyombo vya anga. Alikaa kwa ajili ya mchanga, alisema unapendeza unavyopeperuka. Akawa anapeta mchele huku jicho moja liko kwenye skrini. Tulipofika pale umati unampigia kelele yule kijana, "Mahdi! Mahdi!", ungo ukasimama. Akaniuliza, "Kwani hawa ni Waislamu?" Nikamwambia hapana mama, ni hadithi tu, mambo ya miaka elfu na elfu ijayo. "Basi mbona wanamwita Mahdi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nimerudi kwenye kitabu wiki nzima kulitafuta, na niliyoyakuta ndiyo yamenifanya nifungue uzi huu.

Kwa ambao hawajakisoma: mwandishi ni Frank Herbert, Mmarekani aliyeishi 1920 hadi 1986. Katika miaka ya 1950 alikwenda Florence, mji wa pwani ya Oregon, kuandika makala kuhusu serikali ilivyokuwa ikipanda nyasi kuzuia vilima vya mchanga visifunike barabara na nyumba. Makala hayakukamilika, lakini mchanga haukumtoka kichwani. Hadithi ilianza kutoka kwa vipande katika jarida la Analog Desemba 1963. Alipotaka iwe kitabu, wachapishaji zaidi ya 20 waliikataa. Mwishowe mwaka 1965 ikachapishwa na Chilton, kampuni iliyokuwa ikijulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Hugo kwa pamoja na kitabu kingine, na tuzo ya kwanza kabisa ya Nebula.

Kisa chenyewe kwa ufupi: sayari ya Arrakis haina mvua, ni mchanga mtupu na minyoo mikubwa kuliko treni. Lakini ni hapo peke yake kinapopatikana kiungo ambacho bila hicho vyombo haviwezi kusafiri kati ya nyota. Ukoo wa Atreides unakabidhiwa sayari hiyo kwa hila, unaangamizwa, na mtoto wao Paul anakimbilia kwa wenyeji wa jangwani, Wafremen. Wao wanamwona kuwa ndiye waliyeahidiwa.

Sasa lililonileta. Mwisho wa kitabu kuna faharasa ya maneno. Msomaji wa Kiingereza anaihitaji ili aelewe. Mimi nilipoifungua mara ya kwanza nilihisi nimeingia nyumba ya ndugu ambaye sikujua kwamba ninaye. Aql. Ayat. Burhan. Baraka. Karama. Ilm. Umma. Ulema. Shari-a. Shaitan. Hajj. Hayo yote yamo, na yote mtoto wa Tanga anayajua kabla hajamaliza madrasa. Kuna hata Misr, jina la kale la Wafremen kujiita wenyewe, sisi tukiita Misri ile nchi ya Mto Nile.

Mengine yamekaa upande kidogo, na hayo ndiyo matamu zaidi. Kiongozi wa Wafremen anaitwa Naib. Sisi naibu ni mtu wa pili, naibu waziri, naibu spika. Kwa Herbert ni kiongozi aliyekula kiapo kwamba adui hatamshika akiwa hai. Neno ghanima limo pia, kitu ulichokipata vitani, na kitabu kinaongeza kwamba mara nyingi kinawekwa kama kumbukumbu tu. Adab kwake ni kumbukumbu inayokujia yenyewe bila kuitwa. Nimelifikiria hilo sana. Adabu ya kwetu nayo, ikishakuingia, si inakuja yenyewe bila kuitwa? Unamwona mzee na mkono unatangulia.

Halafu ghafla. Kwetu ni kitu kutokea bila taarifa. Faharasa inasema ghafla ni mtu kujiachia kwa mambo ya kupita, mtu asiyetulia, asiyeaminika. Nilidhani amekosea, mpaka nikakumbuka kughafilika. Kumbe Kiswahili kimeshika pande zote mbili za neno, na yeye kachukua ule upande wa pili.

Na kwenye sinema? Yamebaki machache. Mahdi, Lisan al-Gaib, Muad'Dib, Usul, Shai-Hulud na mengine ya kuhesabika. Neno zito kuliko yote, jihad, limeondolewa. Kitabuni Paul analiona jihad katika ndoto zake tangu mwanzo, analiogopa, anahangaika kulikwepa, na linamshinda. Katika filamu zote mbili za Denis Villeneuve, ya 2021 na ya 2024, inasemwa "vita vitakatifu".

Sisemi filamu ni mbaya, hata kidogo. Ile ya 2021 ilichukua Oscar 6, na masikio na macho yangu yanakubali kila moja. Ninasema kwamba mwenye masikio kama yetu amepunjwa kitu, na ningependa kusikia wenzangu mlionaje.

#2 KijitiMoto

Mkuu, uzi umetulia. Mimi sijasoma kitabu, nimeona filamu tu, na nilidhani Lisan al-Gaib ni maneno ya kubuni. Maana yake nini hasa?

#3 MsomajiTanga

Kaka, vunja vipande viwili. Lisani ni ulimi, na ulimi ni lugha, ni sauti. Wasomaji wa tenzi wanalijua. Ghaibu ni kisichoonekana, kilicho mbali na macho. Ndiyo maana aliyehifadhi kitu moyoni tunasema anakisoma kwa ghaibu. Kitabu kinalifasiri kuwa ni sauti itokayo ulimwengu wa nje, nabii mgeni. Umati ukilitamka kwenye filamu, mtazamaji wa London anasikia cheo. Wewe ungeweza kusikia "ulimi wa ghaibu". Ni kitu kingine kabisa, kinasisimua mwili.

#4 Mswahili_wa_Muscat

Assalaam alaykum. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya 1964, mimi nimezaliwa huku Oman, nyumbani Kiswahili, mtaani Kiarabu. Naongeza machache.

Muad'Dib katika kitabu ni panya mdogo wa jangwani, na Paul analichukua jina hilo. Lakini kwa Kiarabu muaddib ni mwalimu, mtu anayefundisha adabu. Kwa hiyo ile adab uliyoitaja, ndugu yangu, na jina la shujaa vimetoka shina moja. Usul nayo ni misingi, ndugu wa asili. Kitabuni Wafremen wanampa Paul jina hilo la siri, maana yake msingi wa nguzo. Hapo Herbert hakubahatisha, alijua analolifanya.

Kuna jingine sijaona watu wakilitaja. Kitabu kinasema Arrakis ni sayari ya tatu ya nyota Canopus. Nyota hiyo Waarabu wanaiita Suhail, na manahodha wa pwani yenu waliiita Suheli, wakaita na upande wa kusini kwa jina hilo hilo, suheli. Babu yangu alisafiri kwa jahazi akiifuata. Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kuitafuta angani.

Kuhusu sinema: jangwa mnaloliona sehemu kubwa ni Wadi Rum, Jordan, na vilima vya Liwa, Abu Dhabi, ukingoni mwa Rub al-Khali, jangwa lile lile linaloingia Oman. Nimefika upande wetu. Mchanga wa alasiri una rangi ile ile, hawakuipaka. Na Wafremen wa kitabuni wana mifereji ya maji waliyoiita qanat. Huku tuna aflaj, mifereji ya kale inayoleta maji kutoka chini ya milima hadi mashambani, na maji yanagawanywa kwa zamu, kila shamba na saa zake. Mifumo mitano iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, mmojawapo Falaj Daris pale Nizwa. Ukiwaeleza watu wa Nizwa kwamba kuna kabila linalohesabu maji tone kwa tone, hawatashangaa.

#5 MsomajiTanga

Waalaykum salaam, shekhe wangu. Hilo la Suheli limenimaliza. Nimelisoma mara tatu. Ahsante sana.

#6 Mwl_Kusini

Mleta uzi, mimi nafundisha sekondari na nina pingamizi, nitalisema kwa heshima. Hadithi iko mwaka 10191 wa kalenda yao, na kalenda hiyo yenyewe inaanza maelfu ya miaka mbele yetu. Hakuna lugha inayobaki vile kwa muda huo. Kiswahili cha barua za miaka 300 iliyopita tu kinatutoa jasho. Kwa hiyo watengenezaji wa filamu walipomwajiri David J. Peterson, mtaalamu wa kubuni lugha, awatungie Wafremen lugha kamili yenye sarufi yake, walifanya jambo la kisayansi kuliko mwandishi. Wafremen wa filamu wanaongea sentensi nzima kwa lugha yao. Kitabuni maneno yamenyunyizwa tu kama chumvi.

#7 MsomajiTanga

Mwalimu, pingamizi lako ni zito, nimelala nalo.

Nakubali kwamba lugha iliyotungwa inawapa Wafremen heshima ya kuwa na kinywa chao. Ile mipango ya vita wanayoizungumza jangwani, maandishi yakipita chini ya skrini, ilinipendeza. Lakini angalia lugha yenyewe inaitwaje: Chakobsa. Jina hilo Herbert alilitoa katika kitabu cha historia, The Sabres of Paradise cha Lesley Blanch, kilichotoka 1960. Kinahusu Imamu Shamil, aliyewaongoza watu wa milima ya Caucasus kupigana na Urusi mpaka alipokamatwa mwaka 1859. Chakobsa ilikuwa lugha ya siri ya huko. Wasaidizi wa Shamil waliitwa manaibu. Yaani Naib wa jangwani ni mtoto wa Naib wa milimani. Herbert alikuwa anakusanya kumbukumbu za watu halisi, waliopigwa na dola kubwa wakakimbilia mahali pagumu. Ukitunga lugha mpya kabisa, unapata sarufi safi, lakini uzi unaokurudisha kwa watu hao umekatika.

Na hilo la lugha kubadilika, mwandishi alilijua. Ndiyo maana ghafla yake si ghafla yangu, na naibu wake si naibu wangu. Maneno yamesafiri yakachubuka. Kwetu pia yamesafiri yakachubuka, kwa jahazi badala ya chombo cha anga. Hapo ndipo ninapoona ukweli wake.

#8 BintiMakadara

Nimesoma yote kimya, sasa naomba nafasi. Mimi ni wa Mombasa, Muislamu, na vitabu vyote sita vya Herbert nimevisoma.

Kaka wa Tanga, kuhusu jihad sikubaliani nawe. Mwaka 1965 Mmarekani akilisoma neno hilo alisikia kitu cha kale na cha mbali. Baada ya 2001 neno hilo limepata maana nyingine masikioni mwa dunia, na maana hiyo imewagharimu watu wetu. Imenigharimu mimi, viwanja vya ndege, na jina langu, na mtandio wangu. Fikiria ukumbi wa watu 500, kwenye skrini kuna watu wa jangwani wamejifunika nyuso, wanasujudu, halafu kijana anasema atawaongoza kwenye jihad kuchoma dunia. Nani atatoka pale akiwa ameelewa shina na tanzu za lugha? Nilipokwenda kutazama nilikuwa nimejikaza nikilisubiri neno hilo. Halikuja. Nikashusha pumzi.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Wamechukua jangwa, wamechukua kanzu na hijabu, wamechukua swala na Mahdi, lakini kati ya nyuso kubwa za Wafremen hakuna Mwarabu. Stilgar ni Javier Bardem, Mhispania. Namkumbuka Souheila Yacoub katika filamu ya pili, mwenye asili ya Tunisia, akiigiza Shishakli, na namkumbuka kwa sababu alikuwa karibu peke yake. Neno likiondolewa kwa kutulinda, sawa. Na sura je, zimeondolewa kwa kumlinda nani?

#9 MsomajiTanga

Dada, umenigusa. Mimi mwanamume wa Tanga sijawahi kusimamishwa uwanja wa ndege kwa ajili ya vazi, na niliandika kama mtu asiyejua hilo. Naomba radhi, na la sura nakuunga mkono bila kupunguza neno.

Niruhusu nibakishe jambo moja tu. Katika kitabu jihad si neno la Wafremen peke yao. Maelfu ya miaka kabla ya Paul kulikuwa na vita vilivyoitwa Jihad ya Butler, wanadamu wote walipoasi mashine zenye akili na kuzivunja. Ndiyo maana katika dunia ile hakuna kompyuta. Kuna watu waliofunzwa kufikiri kama kompyuta. Mabwana wakubwa, wafalme, wote wanajengea ustaarabu wao juu ya jihad ile na wanaitukuza. Kwa hiyo Paul anapoogopa jihad, anaogopa kitu ambacho ulimwengu wake wote umekifanya na kukisifu. Ukibadilisha neno, pande hizo mbili haziungani tena. Anabaki mgeni mmoja na watu wake wenye imani kali. Naona hilo nalo linatuumiza, kwa njia ya kimyakimya.

#10 BintiMakadara

Hapo umesema. Sikuwa nimeliangalia kwa upande wa Butler. Nitarudia kusoma.

Ila mpe Villeneuve haki yake kwa jambo moja: Chani, msichana wa Kifremen anayependana na Paul. Mwisho wa kitabu Paul anamchukua binti wa mfalme kwa ajili ya kiti, na Jessica, mama yake Paul, anamfariji Chani kwamba historia itawaita wao wawili kuwa ni wake. Chani ananyamaza, kitabu kinafungwa. Nilipokisoma nikiwa na miaka 19 nilikirusha kitandani. Katika filamu Chani, yaani Zendaya, haamini unabii tangu mwanzo. Anawaambia wenzake kwamba unabii ni minyororo. Na mwisho wake hapigi magoti. Anatoka, anasimama peke yake mchangani akimsubiri mnyoo ampande aondoke.

Herbert alisema kwa miaka mingi kwamba alitaka kuonya watu juu ya viongozi wanaoabudiwa, lakini wasomaji wengi walimpenda Paul tu. Ikabidi mwaka 1969 aandike Dune Messiah, kifupi na kichungu, ili onyo lisikike. Villeneuve ameeleza wazi kwamba Chani ndiye aliyembebesha onyo hilo, lisikike kabla watu hawajatoka ukumbini. Mtu anayegeuza kisa ili kuitunza nia ya mwandishi, mimi namheshimu.

#11 KijitiMoto

Dada, kwa hiyo kitabuni Chani haondoki? Sasa nakitafuta kitabu. Na yule mtoto tumboni anayeongea na mama yake, yumo?

#12 BintiMakadara

Yumo, kwa namna ya kutisha zaidi. Kitabuni Alia, mdogo wake Paul, anazaliwa, ni mtoto mdogo mwenye kumbukumbu za wanawake wote waliomtangulia, anaongea kama bibi kizee, na ni yeye anayemuua Baron, mkuu wa ukoo adui na babu yake mwenyewe. Filamu imefupisha miaka ikawa miezi, kwa hiyo Alia hajazaliwa, na kazi hiyo imekwenda kwa Paul. Pia Paul na Chani wana mtoto kitabuni, anauawa. Filamu haina.

#13 Mwl_Kusini

Kwa wanaotaka kulinganisha: filamu ya Dune ya David Lynch ya mwaka 1984 ina dakika 137 kwa kitabu kizima, na waigizaji wananong'ona mawazo yao. Inachosha, lakini ilijaribu kushika jambo ambalo Villeneuve ameliacha, kwamba nusu ya kitabu kinatokea ndani ya vichwa vya watu. Kabla yake mwongozaji Jodorowsky alitaka kuitengeneza katika miaka ya 1970, mchoraji Moebius akamchorea picha mfano, fedha hazikupatikana. Kuna na ya televisheni ya mwaka 2000, maskini wa picha ila ina nafasi ya maongezi.

Halafu niseme nimelegea kidogo kwenye pingamizi langu. Mwaka 2024 huo huo tamthilia ya Shōgun ilitoka, sehemu kubwa ni Kijapani kitupu, na ikachukua Emmy 18. Desemba yake ikaja Miaka Mia Moja ya Upweke kwenye Netflix, kwa Kihispania, imepigwa Colombia kama familia ya mwandishi wa riwaya hiyo, García Márquez, ilivyotaka; yeye mwenyewe alikataa maisha yake yote kuiuza. Watazamaji walikaa wakasikiliza. Kumbe hofu ya maneno ya watu wengine si ya watazamaji.

#14 Mswahili_wa_Muscat

Mwalimu, maneno hayo yawafikie wanaotengeneza ya tatu, iliyotangazwa kwa Desemba 2026. Ndugu wa Tanga, kabla sijasahau: bi-la kaifa. Kitabuni Wafremen wanalisema mwisho wa dua, kama amina. "Bila" yenu hiyo hapo, nzima nzima. Bila kuuliza vipi. Je, mama ulimjibu?

#15 MsomajiTanga

Nilimjibu, shekhe. Nilikaa naye juzi usiku nikamweleza yote, Oregon, Shamil, faharasa, na swali la dada wa Mombasa juu ya sura. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nimsomee kitabu chenyewe. Kiingereza hakijui, kwa hiyo nasoma mstari kimoyomoyo halafu namwambia kwa Kiswahili. Mahali pengi sina haja ya kufasiri, nalitamka neno kama lilivyo na yeye anatikisa kichwa niendelee.

Jana tumefika kwenye karamu ya Arrakeen, mji wa sayari ile, ambayo Lynch aliiruka na Villeneuve akairuka pia. Mezani yupo muuza maji, yupo mtu wa benki, yupo mfanya magendo, kila mmoja anampima mwenzake kwa maneno. Lakini mama hakutaka kuwasikia hao. Alinisimamisha mwanzoni kabisa, mlangoni, pale kwenye mabeseni: desturi ya wenye nyumba wa zamani ilikuwa mgeni achovye mikono, amwage maji sakafuni, ajifute kwa taulo alitupe, na maskini wanangoja nje maji yatakayokamuliwa kwenye taulo hizo. Duke Leto, baba yake Paul na mwenye nyumba mpya, anaona aibu, anaamuru kila maskini apewe kikombe cha maji safi.

Mama aliniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akaniuliza kama mwenye nyumba huyo ndiye atakayeuawa. Nikamwambia ndiye. Akasema basi tulale, nyingine kesho.